Bi Beryl Asipelekwe Kizingo

Mgeni rasmi, Bwana Kingi, mkurugenzi wetu. Bi Beryl, msimamizi wetu. Na nyinyi wenzetu wa tawi jipya la Kizingo mliopewa viti vya mbele: asalamu aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

KARIBU

Karibu Kibokoni, Bwana Kingi. Shati ulilovaa tumelipiga pasi sisi, kwa hivyo twakufahamu kidogo.

TULIKOTOKA

Bi Beryl alipoletwa hapa kutoka bara, mwaka wa 1994, hatukusikizana. Alikuwa akiita, "Wewe, leta mashuka!" Kwetu mtu huitwa jina kwanza, ndipo hutumwa. Basi Charo wa pasi alikuwa akiugeukia ukuta na kuuambia, "Waitwa." Mashuka yakachelewa, naye Bi Beryl akazidi ukali.

Bi Mwanatumu, mkubwa wetu kwa umri, akamfuata wakati wa chai. "Mwanangu, ukali wako twauweza. Hilo 'wewe' ndilo latuchoma."

Akajibu, "Na nyinyi mkikasirika hamsemi, mama. Mnanisalimia tu vizuri zaidi. Sasa nitajuaje?"

Tulicheka hadi chai ikapoa. Tukapatana: yeye atuite kwa majina, na kwetu mwenye kinyongo amweleze usoni, siku hiyohiyo.

MAFANIKIO

Tangu hapo hakuna aliyeacha kazi kwa hasira. Charo bado hugombana naye, na wote wawili wamenenepa.

YALIYOTUSIBU

Juzi Charo alipeleka mashuka Kizingo, akarudi amenuna. Tulipombana akasema, "Bi Beryl yuko kule, awaonyesha kazi. Awaita kwa majina. Mmoja amwita 'Winnie mwanangu'."

Mgeni rasmi, wivu tunao. Kizingo wana mashine mpya, wana feni, wana dirisha la kutazama bustani, hatukusema neno. Lakini majina hayo tuliyagombania sisi. Wao wameyakuta yameshapikwa, wanapakuliwa tu.

Na tangu Jumatatu Bi Beryl anatusalimia vizuri mno. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu.

MAOMBI

Feni msituletee. Mashine wapeni Kizingo hata ya pili. Bi Beryl tuachieni. Wao watafutieni mkali mwingine, wamlainishe wenyewe.

Na ikiwa ni yeye aliyeomba kwenda, hatutamshika nguo. Ila atwambie kwa kinywa chake, leo, kabla hujaondoka. Tutakasirika palepale, mbele yake, kwa sauti, utusamehe kelele.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, na akulainishe moyo kabla hujafika garini.

Ni sisi,
Wafuaji na Wapigapasi wa Duka la Dobi la Kibokoni
Imesomwa na Nyevu Kiti