Waacheni Washike Chupa

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, Dakta Rudaina Ubaidat, waheshimiwa wahadhiri, wazazi wetu kutoka kambi ya wakimbizi, nanyi wasichana mliojibana nyuma ilhali viti vya mbele vi wazi, salaam aleikum.

Nilisimamia maabara ya kemia ya chuo hiki hapa Irbid hadi nikastaafu, na bado nakuja kila Alhamisi kuwapokea wanafunzi wa shule. Leo tunafunga mwaka, na Dakta ataamua jambo moja: je, mwakani wageni hawa waendelee kufanya majaribio kwa mikono yao, au wakae wamtazame mhadhiri kwenye skrini? Wanaotaka skrini wanasema wanafunzi hukosea. Ni kweli, hukosea.

Majuzi Sabaa alipewa mrututu, ile chumvi ya buluu, aiyeyushe kwa maji hadi mstari ulio shingoni mwa chupa. Akaishia theluthi ya chupa.

"We Sabaa, bomba limekauka?" mwenzake Ghusun akamchokoza.

"Sasa nikiijaza pomoni, si nitakuwa namfukuza Ami?" akajibu, akininyooshea kidole.

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana nani kati yetu hakufunzwa kwamba mgeni akijaziwa kikombe cha kahawa ameambiwa anywe aondoke? Mkono ulikuwa umefuata adabu ya nyumbani. Je, skrini ingeligundua hilo?

Msaidizi wa maabara alitaka kummalizia. "Niache, dada, chupa yangu hii!" Sabaa akamkatalia, akaongeza maji, akapitiliza mstari, akamwaga yote, akaanza upya. Safari hii alipiga magoti ili jicho liwe sawa na mstari, akadondosha tone kwa tone. Hakuna aliyemwambia apige magoti.

Mimi nililetwa mji huu nikiwa mtoto, mwaka wa vita, na kwa muda mrefu niliishi kama mgeni aishivyo: unaonyeshwa vitu, huvigusi. Shule yetu ya mahema ilikuwa na picha ya chupa kama ile. Nilijua kila sehemu yake kwa jina. Nilipokuja kuishika yenyewe, nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Dakta, ukiamua watazame tu, wasichana hawa watakupigia makofi, kwa sababu wamelelewa vizuri. Nakuomba usiyachukue makofi hayo kuwa ridhaa.

Sina ombi lingine. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.