Niliyoyaona Ndani ya Kongosho la Mtu Nisiyemjua

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Itikieni kwa nguvu mnisaidie, maana uso unaniwaka. Kwa wageni, mimi ni Mama Eliya. Mume wangu ndiye yule dereva wa basi aliyeketi karibu na mlango. Tunaishi hapa hapa Woolwich, na kazi yangu ni kutunza wazee.

Ndugu zangu, nilipatikana na ugonjwa wa sukari nikiwa mtu mzima, tena mwembamba. Nilikonda ghafla, nikawa nakunywa maji na kiu haiishi. Daktari akaniambia ni ile aina ya kwanza, ya kuishi kwa sindano za insulini. Mimi nilisikia neno moja tu: sukari. Na mnajua kwetu sukari inavyosemwa! Shangazi yangu kule Bungoma alipopata habari aliuliza, "Kwani huko Landani mnakula nini?" Nikaona haya. Nikamwomba mume wangu asimwambie mtu mwingine.

"Mama Eliya," akasema, "mficha maradhi kifo humfichua."

"Wacha kinifichue," nikamjibu, "lakini kanisa lisijue."

Basi nikawa najidunga chooni, pale nyuma ya ukumbi, nikikohoa ili mlio wa ile sindano ya insulini yenye umbo la kalamu usisikike. Nimeokoka, naongoza sifa, na nakohoa chooni!

Ukaja mfungo wa kanisa. Mchungaji alitangaza wazi kwamba wagonjwa wasifunge. Wagonjwa! Ningekula peke yangu, na watu wangeuliza. Nikafunga. Na insulini nikajidunga vile vile, nayo bila chakula hushusha sukari mno. Nikiwa hapa mbele naongoza wimbo, jasho likanitoka, maneno yakanipotea, nikaanza kupayuka. Nikaanguka. Mkaniwekea mikono, mkakemea mapepo. Silaumu mtu, hata mimi ningekemea. Nilikuwa nawasikia kwa mbali, na nguo zangu zilikuwa zimelowa, wala si kwa jasho. Ndugu zangu, nililowa mbele ya watoto wenu!

Mume wangu akapenya katikati yenu. "Si pepo! Sukari imeshuka! Anatumia insulini! Leteni soda!" Akaninywesha kidogo kidogo mpaka macho yakafunguka. Na la kwanza nililoliona ni nyuso zenu, zote zinajua.

Mungu aliniokoa na kifo siku ile, lakini kanisani sikurudi. Simu zenu sikuzishika. Sokoni nikimwona mtu wa kwaya nilipita upande wa pili.

Kisha kule kliniki tukaambiwa kuna maabara ya chuo kikuu inayochunguza kongosho la binadamu, kile kiungo nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini, ili wajue kwa nini mwili unajishambulia wenyewe. Wagonjwa walikaribishwa kutembelea. Sikutaka. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, akanisindikiza mpaka mlangoni ili nisigeuke.

Mtafiti aliyenipokea ni mama wa Kihindi anayekaa Rayners Lane. Aliposikia ninavyoongea akacheka. "Wewe ni wa Kenya? Mimi nilizaliwa Kisumu!" Akaniketisha kwenye hadubini na kuniwekea kioo chenye kipande chembamba mno cha kongosho.

"Huyu hakuwa na sukari," akasema. "Unaona hivi vikundi, kama visiwa? Hapo ndipo insulini inatoka." Akabadilisha kioo. "Na huyu alikuwa na ugonjwa kama wako. Hizi nukta nyeusi zilizozunguka kisiwa ni askari wa mwili. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Hapa wamevamia kisiwa chenyewe."

"Ni kwa sababu alikula sukari nyingi?"

"Hapana, mama. Si chakula kilicholeta hii. Kwa nini askari wanakosea hivi, ndiyo bado tunatafuta."

"Kwa hiyo hakufanya kosa lolote?"

"Hakufanya. Wala wewe."

Nikalia pale pale, pua karibu iguse kioo chake. Nilipotulia nikamuuliza hilo kongosho ni la nani.

"Jina hatupewi," akasema. "Alifariki, na jamaa zake wakakubali tumchunguze."

Ee Bwana! Hapo nikaona haya nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Watu waliokuwa na msiba nyumbani walikubali mpendwa wao aonekane mpaka ndani kabisa, ili mtu kama mimi apate jibu. Na mimi niliye hai nilikuwa tayari kufa kuliko kuulizwa swali na ninyi.

Nikampigia mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Eliya, tulikukemea kabla ya kukuuliza. Utusamehe." Sikujua niweke wapi uso wangu.

Ndugu zangu, sijaponywa sukari. Msiende kusema nimeponywa! Sindano ninazo, na nitakuwa nazo. Nimefunguliwa kutoka katika uongo, na hata kufunguliwa huko bado kunaniuma, kama mnavyoniona.

Juzi nilimwambia mume wangu kwamba nikifa, nataka kongosho langu liende kwa watafiti wale.  "Watu wa nyumbani watasema nimekuzika nusu," akasema.

"Na wewe utawajibu nini?"

Akafikiri. "Nitawaambia Mungu anajua kukusanya."

Utukufu kwake! Namshukuru Mungu kwa mume huyu, na kwa mtu yule ambaye sitajua jina lake mpaka mbinguni. Na wewe unayeketi humu na jambo ulilolificha mwilini, Mungu haoni haya kuangalia mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kutazama. Mwamini. Baada ya ibada njoo uniambie, hata kwa kunong'ona. Sitakuuliza ulikula nini.