Vifuniko Vinne vya Dawa

Pale Bulyaga, chini ya upenu wa mashine ya kusaga iliyokufa zamani, lipo benchi la mkaratusi ambalo halijakauka sawasawa tangu lipigiliwe misumari. Mvua ya Tukuyu haina adabu, inakufuata mpaka mifupani. Mwisho wa benchi Lukasi huweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa, na kahawa yenyewe ni ile iliyokataliwa na chama cha ushirika kwa ubovu wa punje, lakini ikishachemka nani ataijua? Kila asubuhi wanaume hukaa hapo kuitengeneza nchi, na nchi haitengenezeki. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, biashara imefunguliwa, maduka yamefurika vitu vyenye majina ya kukwaza ulimi. Alhamisi moja Mzee Ambindwile alifika na katoni kwapani na hasira kifuani. Akaisukumia katoni chini ya benchi kwa kisigino, akaketi, hakumsalimu mtu.

— Mwagonile, Kontena, — Lukasi alimwambia huku akimimina. Ndivyo walivyomwita tangu afungue duka la vitu vya nje.

— Ndaga. Nipe kahawa. Na leo asiniulize mtu habari za nyumbani.

Loo! Umwambie mtu wa kijiweni asiulize? Bora umwambie kuku asichakure.

— Haya, za nyumbani? — aliuliza Geresoni, karani wa kupima majani ya chai, ambaye kijiwe kizima kilimwita Mizani.

— Mizani, nitakumwagia kahawa hii usoni!

— Mwaga, nitapata joto. Lakini sema, mzee. Mficha uchi hazai.

— Nimeshazaa saba! Nizae tena ili iweje?

Wakacheka. Ambindwile hakucheka. Alikunywa funda moja, ikamuunguza, akalaani kahawa, akamlaani aliyeipika, ndipo yakamtoka.

— Mmeyasikia kanisani, mmeyasikia sokoni, mnataka kuyasikia na kwangu? Sawa. Jumamosi wazee wa ukoo wanamrudisha mkwe wangu kwao Kisiba. Ezron mwanangu amekubali. Amekubali, kondoo yule! Na mtoto anabaki kwa shangazi yake, kwa kuwa ni wa ukoo wetu. Mtoto wa miezi saba, bado ananyonya!

Hapo hata Lukasi aliacha kupuliza moto. Habari za Tupokigwe, huyo mkwe, kila mtu alikuwa nazo. Tangu baada ya Pasaka mikono yake ilianza kuwasha, kisha ikatoka malengelenge, kisha ngozi ikapasuka mpaka kwenye viwiko. Shingo ikavimba. Siku nyingine aliamka macho hayafunguki. Jumapili iliyopita, katika kupeana amani kanisani, mama mmoja aliuficha mkono wake ndani ya kanga, na benchi zima la akina mama likafanya vivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo mji ukawa umeshajua: ni mdudu. Ugonjwa wa siku hizi. Mwanamke kauleta nyumbani kwa watu.

— Nani alimpima? — Ambindwile alifoka. — Nani? Siku hizi mtu akijikuna mara mbili, tayari mmeshamchimbia kaburi!

— Mimi sijasema mdudu, — alijitetea Mizani. — Mimi nasema ni dawa ya chai. Wanapuliza kule mashambani, upepo unavuka bonde unawaangukia watu. Mimi mwenyewe nikipima majani natokwa na machozi.

— Wewe unatokwa na machozi kwa sababu unawaibia wachumaji kwenye mizani.

Aliyesema hivyo ni Yohane, mwuza mitumba, aliyeitwa Ruksa, maana tangu biashara ifunguliwe neno hilo halikumtoka mdomoni. Kuuza ruksa, kununua ruksa, kuvaa suruali ya marehemu wa Ulaya ruksa.

— Na wewe mitumba yako je? — Mizani alimrudishia. — Pengine kanga yake aliitoa kwako, imejaa upele wa Ujerumani!

— Wazungu hawavai kanga, mshamba wewe! Sikilizeni. Haya mambo yanapangwa. Kule mbali wanakaa mezani, wanasema Afrika wamezaliana mno. Basi wanatia kitu kwenye maji. Siyo maji yote. Bomba moja hapa, bomba moja pale, ili msishtuke.

— Na wewe unakunywa bomba gani, mbona hujavimba?

— Mimi nakunywa pombe. Kinga ni bora kuliko tiba.

Lukasi alitikisa kichwa polepole. Huyu alikuwa mtu wa kusema machache, na machache yenyewe yalikuwa mabaya kuliko mengi ya wengine.

— Mnahangaika bure. Yule binti si wa Kisiba? Ziwa lile la Kisiba halina mto unaoingia wala unaotoka. Maji yametulia tu pale shimoni, yanafikiri. Bibi yangu alisema, msichana aliyeoga mle akiwa mdogo, ziwa linamdai. Akiolewa mbali, linaanza kumvuta kwa ngozi.

— Mbona nyoka na mamba linawaacha? — aliuliza Ruksa.

— Hao hawaolewi.

— Yesu na Maria! — Ambindwile alipiga paja. — Nimekuja kunywa kahawa au nimekuja wazimuni? Ziwa, upepo, Wazungu! Mimi nimjuaye ninamjua. Ni Anyosisye, kizee kile cha ng'ambo ya mfereji. Siku ya Jumatatu ya Pasaka alikuja kumwona mtoto, akamshika, akamsifu. Haikupita wiki mbili, mikono ya mama yake ikaanza kuoza. Nimekwenda juzi nikasimama kwenye ua wake, nikamwambia yote. Nimemwita jina ambalo siwezi kulirudia hapa.

— Akasemaje?

— Akalia. Wachawi wote wanalia.

Hata kwa wanaume wa kijiweni, kumtukana mjane wa miaka themanini mlangoni pake si jambo la kujisifia. Ambindwile aliliona hilo kwenye nyuso zao, na hasira yake ikazidi, kwa sababu hata yeye usiku ule hakulala vizuri.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Mikono hiyo inayosemwa, Ambindwile hakuwahi kuiona hata siku moja. Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Akikisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani. Jina lake halitaji, mbele yake hali chakula, neno lake halijibu. Vijana wa mjini wameanza kuicheka desturi hiyo, lakini Tupokigwe alilelewa na bibi wa zamani, aliishika kama Amri Kumi. Kwa miaka mitatu ya ndoa, alichokiona Ambindwile cha mkwewe ni pindo la kanga likiishia kwenye migomba. Basi mtu usiyeweza kumwona wala kusema naye, utampendaje? Utamtumia vitu. Na yeye alimtumia.

— Mimi huyu binti sikumnyima kitu, — alisema, na sauti ikashuka kidogo. — Mwulizeni Ezron. Siku ile ile ya Pasaka nilimpelekea sabuni ya dawa, ile nyekundu yenye picha ya daktari, katoni nzima. Na dawa ya chupa ya kutia kwenye maji ya kuoga, inanukia hospitali kabisa. Akaniletea jibu kwa mumewe: ndaga fijo, asante sana. Basi. Mwanamke ana adabu.

— Sabuni ile ni moto, — alisifia Ruksa. — Povu lake! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Mnakumbuka mwaka wa themanini na tatu? — Ambindwile hakumsikia. — Mnakumbuka foleni? Mche mmoja wa sabuni mpaka umjue mwenyekiti. Kitindamimba wangu, Atupakisye, aliota vidonda mwili mzima. Sabuni hakuna. Tukamwosha kwa maji matupu na majani ya mpapai. Maji matupu, asubuhi na jioni. Tulimzika Agosti. Nikaapa mbele ya lile kaburi: biashara ikifunguliwa, nyumbani kwangu hatakosa mtu sabuni mpaka kiama.

Kila mmoja pale alikuwa na themanini na tatu yake.

— Ndiyo maana nasema ni uchawi, — Ambindwile aliendelea, hasira ikimrudia. — Mtu anaoga dawa, anafulia dawa, mtoto anaoshwa dawa, na bado anaoza? Ezron aliposema mikono imeanza, nikasema ongeza. Kifuniko kimoja cha dawa kwenye ndoo nikafanya viwili. Ilipofika shingoni, nikasema vinne. Leo kwenye katoni hii nimemwekea sabuni na chupa nyingine, kubwa, aende navyo Kisiba. Wasije wakasema Ambindwile kamrudisha mtoto wa watu mikono mitupu.

— Umefanya la maana, — alisema Mizani. — Dawa ya moto ni moto.

— Na maji ukiyavulia nguo, — aliongeza Ruksa, — huna budi kuyaoga.

Mvua ikashuka kwa kishindo. Mwanamke mmoja alikuja mbio kutoka barabarani, mkungu wa ndizi kichwani, gunia la nailoni mabegani. Alikuwa Tulinagwe wa Lufingo, anayeleta ndizi mjini kila Alhamisi. Alitua mkungu ukutani, akapiga goti kidogo kuwasalimu, wakamjibu bila kumtazama, naye akasimama pale pembeni ya upenu akikamua kanga. Mabishano yakaendelea kama vile hayupo. Ruksa alisema pengine ni Wazungu ndio waliomlipa Anyosisye. Lukasi alisema ziwa halihitaji kumlipa mtu. Mizani akasema basi upepo ndio uliotoka ziwani.

— Samahanini, baba zangu, — Tulinagwe alisema. — Huyo binti aliugua kabla ya hiyo sabuni, au baada?

Basi.

Ruksa akaanza kutafuta kitu mfukoni. Lukasi alilishika birika, akalitikisa, likatoa sauti ya utupu, akalirudisha jikoni ingawa halikuwa na tone.

— Wewe mama, — alinguruma Ambindwile, — nani amekuita? Wewe ni daktari?

— Hapana, tata, baba yangu. Nauliza tu.

— Ile ni dawa! Ina picha ya daktari! Inaua vijidudu, imeandikwa!

— Imeandikwaje?

Imeandikwaje! Aliinama akaivuta katoni, akatoa chupa, akaigeuza. Upande mmoja palikuwa na daktari anacheka. Upande wa pili palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, mistari kumi na nane, kwa lugha ambayo hakuna aliyekaa kwenye benchi lile aliyeijua. Alikuwa ameuza chupa hizo tangu Februari. Hakuwahi kumwuliza mtu amsomee.

Pasaka. Katoni ilikwenda siku ya Pasaka. Mikono ilianza hazijapita wiki mbili. Kifuniko kimoja, mikono. Viwili, shingo. Vinne, macho. Na yule binti, kila siku, mbele ya ndoo inayomuunguza, angemwambia nani? Zawadi ya baba mkwe hairudishwi. Jina lake halitajwi. Angesimama mlangoni kwa nani aseme, hii inaniua? Alisema lile moja aliloruhusiwa kusema, ndaga fijo, akaingiza mikono majini.

— Mimi ni mjinga, — Ambindwile alisema kwa sauti kubwa. — Mjinga mkubwa, mzee mzima! Na ninyi! Ninyi mnakaa hapa mnanywa, mnaniambia dawa ya moto ni moto!

— Methali tu, mzee, — Mizani alinong'ona.

— Kamwambie methali yule mtoto anayetaka kunyang'anywa ziwa la mama yake!

Aliipiga katoni teke. Ikapasuka kwenye mfereji, vipande vyekundu vya sabuni vikatawanyika, na mvua ikaanza kuvitoa povu. Ruksa alijiinua kidogo akitaka kuokota kimoja, akaona macho ya mzee, akakaa.

— Mama, — Ambindwile alimgeukia Tulinagwe. — Unapajua kwa Ezron, nyumba ya pili baada ya kinu? Mume yuko zamu kiwandani mpaka jioni. Mwanamke anaoga saa sita, na mtoto anaoshwa naye. Sasa hivi ni saa tano. Mimi mlango ule siwezi kuufikia. Nikifika atakimbia, atakimbilia kwenye mvua na mtoto mgongoni. Nenda wewe. Ndizi zako nitazilinda.

— Nikaseme nini, tata? Nikaseme nimetumwa na nani?

— Usinitaje. Sema mwenye sabuni amesema basi. Amwage yote. Na Jumamosi haendi mtu Kisiba. Wazee wakija kumchukua mtoto, watanikuta nje ya ua. Ndani sitaingia, lakini nje nitasimama, na panga langu wanalijua.

— Na bibi Anyosisye? — Lukasi aliuliza kwa upole.

— Huyo nitampigia magoti mwenyewe. Nyamaza.

Tulinagwe alijifunika gunia kichwani, akatoka mvuani. Alipofika barabarani alisimama, akageuka.

— Tata! Ataniuliza. Nimwambie aogee nini sasa?

Ambindwile alitazama mferejini, povu jekundu likishuka kuelekea sokoni. Alitazama benchi.

— Maji, — alisema. — Mwambie maji matupu.