Jiwe Lililokuwa Mezani: Maisha ya Crispin Danieli Nyenza, 1924–1979

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu mkubwa hakupenda namba isiyojulikana ilikotoka. Kwa hiyo mimi Juliana, binti wa mdogo wake, tarehe zote nitakazosoma nimezihakiki kwa mjane wake na kwa vyeti. Nikikosea, atanicheka huko aliko.

Crispin Danieli Nyenza alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1924, Mlandege, Iringa, akiwa mtoto wa pili kati ya saba. Bibi alisema alizaliwa mdogo kiasi cha kulazwa kwenye ungo, na jirani mmoja akashauri asipewe jina kwanza. Marehemu alilipenda sana jambo hilo. Alipozeeka na kunenepa, alikuwa akimwuliza kila aliyefika kama jirani yule bado yupo.

Alisoma Tosamaganga kuanzia mwaka 1933 hadi darasa la nane. Hesabu aliziweza, kuimba hakukuweza, ila hakuna aliyefanikiwa kumwondoa kwenye kwaya. Mwaka 1943 aliingia mafunzo ya uganga msaidizi, na miaka mitatu baadaye akaanza kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa katika zahanati mbalimbali za Iringa. Mwaka 1950 alihamishiwa Mbeya.

Huko alimpata Andendekisye, mama yetu mkubwa, aliyefika zahanati kutoka Tukuyu akiwa ameungua mkono kwa uji. Marehemu alimwuliza umri mara tatu katika siku moja, akidai daftari limelowa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1951, wakajenga Uyole, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Sasa nifike Usangu, maana bila Usangu wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 1972 alipewa kazi ya kuzunguka vijiji vya Usangu kupima uzito wa watoto wa chini ya miaka mitano. Alikuwa na baiskeli, mizani ya kuning'iniza na suruali ya turubai ya kumtundikia mtoto. Vijiji vingi vilikuwa vya wafugaji na wakulima waliohama kutoka Usukumani. Walimpenda, wakamwita Bwana Kilo. Februari 1974 suruali ile ilichanika. Yeye mwenyewe akaagiza kila mama aje na kanga yake, mtoto afungwe humo na kutundikwa. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuwahi kumsingizia mtu.

Mwaka ule mvua zilikuwa chache na ghala zikawa tupu. Lakini katika kijiji kimoja watoto walizidi kuwa wazito kila mwezi. Marehemu alifurahi, akaandika ripoti kwamba kijiji kile hakina njaa. Wakubwa wake Mbeya walimpongeza kwa barua, na maziwa ya unga pamoja na unga wa mahindi vikapelekwa kwingine.

Asubuhi moja ya Juni alitundikwa Mbuke, binti wa Bujiku na Regina, mwenye mwaka mmoja na nusu. Mizani ikasema kilo nane. Mbuke hakulia. Marehemu alizoea watoto wote wamlilie, na ukimya ule ukamsumbua, akamtoa mtoto kwenye kanga kwa mikono yake. Alikuwa mwepesi mno. Kanga ilipoachia, jiwe la mtoni la ukubwa wa ngumi likamwangukia marehemu kwenye kidole gumba cha mguu.

Regina hakukimbia. Alimwambia hivi: "Baba, kule kwetu mkulima akipeleka pamba kupimwa, yenye uzito ndiyo inasifiwa. Hapa mtoto mwepesi mama yake anasimamishwa mbele ya watu, anafundishwa uji. Mimi uji naujua. Unga ndio sina."

Marehemu aliwaomba akina mama wote wakung'ute kanga zao. Yalitoka mawe kumi na moja. Alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alituambia kwamba hapo katikati hayakuwa tena machozi ya kucheka. Kwa miezi minne alikuwa amepima mawe, na kwa mkono wake amewanyima watoto maziwa.

Msaidizi wake, Silvester, alimshauri asijiharibie kazi: apunguze kilo kidogo kidogo kila mwezi, polepole, ripoti zitajirekebisha zenyewe. Marehemu akamjibu, "Mtoto huyu hana hiyo polepole." Akapanda baiskeli akichechemea, akadandia lori barabara kuu, akaingia ofisini Mbeya na kuweka jiwe juu ya meza ya mkubwa wake. Akasema ripoti ile ni ya uongo na aliyeiandika ni yeye.

Cheo alichokuwa akikisubiri hakukipata. Maziwa na unga vilifika siku ya tisa. Mkubwa wake alimrudishia jiwe, naye akalitumia kukandamizia karatasi mezani kwake hadi mwisho.

Tangu hapo alibadili upimaji. Fundi wa Mwanjelwa alimshonea suruali mpya tatu. Akina mama hawakusimamishwa tena mbele ya watu. Na kando ya kila uzito alichora safu yake mwenyewe, akaijaza baada ya kumwuliza mama swali moja: jana mtoto alicheza? Kule ofisini walimtania kwamba anapima mpira. Yeye alisema kilo zinaweza kubebwa na jiwe, lakini hajaona jiwe linalocheza.

Januari mwaka huu alianza kuugua moyo. Miguu ilivimba, uzito ukapanda, na wageni wakampongeza kwa kunawiri. Aliwaambia, "Haya ni maji tu. Ni jiwe langu hilo." Alijitengenezea kadi kama ya watoto, akaijaza kila siku. Alipochoka kushika kalamu, mama mkubwa aliijaza kwa niaba yake, na kila jioni wakicheza bao kitandani, wakibishana nani kashinda mchezo wa mwisho.

Alifariki nyumbani Uyole, Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1979, saa nane mchana. Sisi wa Mlandege tulitaka tumrudishe kwetu, lakini mama mkubwa alisema mtu huyu ameshazoea baridi ya huku. Tumekubali, ingawa inatuuma.

Ameacha mjane, Andendekisye, watoto wanne, Asukile, Isakwisa, Lutengano na Paskalina, wajukuu watano, na ndugu zake sisi. Yupo pia Mbuke, aliyefika jana na wazazi wake kutoka Usangu. Ana miaka sita na miezi kadhaa, na tangu alipofika hajakaa kitako hata mara moja.

Kadi yake ninayo hapa. Mstari wa mwisho, wa tarehe 6 Oktoba, ni mwandiko wa mama mkubwa. Penye uzito ameandika: hatukupima. Kwenye safu ya pembeni ameandika: amecheza, na amenishinda.

Baba mkubwa, lala salama. Mungu akupokee mikononi mwake, kama ulivyompokea Mbuke.