Marion Mghoi, Aliyeandika Herufi Zuliani

Punguza moto, funika sufuria, kaa kidogo. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Marion Mghoi wa Thamesmead, mtaa wa jiji hili letu la Waingereza. Mzaliwa wa Voi. Mtunzaji wa wazee. Mama wa Wakesho. Tumemzika wiki iliyopita, na mimi nimechoka kusoma majina ya wanawake wetu hapa redioni.

Wakesho ni mtoto wake pekee, ana miaka tisa. Anasema herufi zinamkimbia. Akishika mwanzo wa neno, mwisho wake umeshatoroka. Shuleni walimweka meza ya nyuma, wakampa kalamu za rangi. Muhula ukaisha, anapaka rangi. Mwaka ukaisha, bado anapaka rangi. Marion akaenda kuuliza.

"Mwalimu akaniambia, lakini ana furaha," Marion alinisimulia katika studio hii hii. "Nikamwambia, hata mbuzi wa mama yangu ana furaha. Mimi nataka mtoto wangu asome."

Mimi sisahau. Miaka ya sitini na sabini, katika jiji hili hili, watoto wengi mno wa watu wa visiwa vya Karibiani walipelekwa shule za wale walioitwa wasioweza kujifunza. Wazazi wao walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Meza ya nyuma haikuanza jana.

Basi Marion akamtoa Wakesho shuleni. Akamfundisha nyumbani, mwenyewe. Usiku aliwageuza wazee vitandani. Asubuhi alipanda basi, akafika, akavua viatu, akaanza darasa. Na darasa lenyewe? Alibandika utepe juu ya zulia, herufi kubwa kama mlango, mtoto akazitembea huku akizitamka. Jikoni alimwaga unga wa chapati mezani, mtoto akaandika kwa kidole. Hesabu ilikuwa maharagwe. Polepole, zile herufi zikaanza kutulia.

Halafu kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ikasema inatuma mtu kukagua. Anaitwa Ian. Asiporidhika, Wakesho anaweza kuamriwa arudi shule. Arudi meza ile ile.

Sasa mnatujua sisi. Mgeni anakuja! Mumewe, Harrison, akafua mapazia. Marion akabandua utepe wote, akakwangua gundi kwa kisu. Unga ukarudi kabatini, maharagwe yakarudi kwenye mkebe. Wakesho akavalishwa gauni la kanisani, akaambiwa atulie, asisumbue mgeni. Ian akaingia katika nyumba inayong'aa. Akanywa chai, akala mandazi, akasifu mandazi. Akamuuliza mtoto anajifunza nini. Mtoto akamtazama mama, akanyamaza kwa adabu.

Jibu la kaunsili likaja: hakuna dalili ya mafunzo yoyote katika nyumba hii.

Jirani yao, Mama Hansa, Mhindi wa Nairobi, mwenye ulimi wa pilipili, aliposikia alishika kiuno. "Wewe Marion! Umempikia mkaguzi, halafu umepiga deki shule yako mwenyewe? Mwite tena huyo! Aje akanyage uchafu!"

Marion akaomba Ian arudi. Akakubali. Siku hiyo Harrison alikuwa mlangoni, aibu imemjaa.

"Mama Wakesho, mgeni aingie na unga umemwagika mpaka chini?"

"Aingie."

"Na utepe?"

"Baba Wakesho, leo hatupokei mgeni. Leo tuko darasani."

Ian hakufika hata kwenye kiti. Wakesho alimwambia kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu wote wa huku, kwamba amesimama juu ya herufi yake, asogee. Akasogea. Mtoto akamtembeza zulia zima, akamsomea neno baada ya neno. Mara hii kaunsili ikaridhika. Nasema tena, ikaridhika. Wakesho akabaki nyumbani, na anasoma.

Lakini ushindi nao una mwili unaoubeba. Mama yule alilala saa ngapi? Nani alimuuliza? Sisi tulimwona kanisani, tukanong'ona kwamba mtoto wake ana shida, tukaenda kula. Kaunsili iliuliza habari za mtoto tu. Asubuhi moja Marion alitoka zamu, akajilaza kidogo kabla ya darasa, hakuamka. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

"Nilidhani amechoka tu," Harrison aliniambia. "Sote tulizoea kumwona amechoka."

Wasikilizaji wapendwa, kwako Harrison, kwako Wakesho, kwa mama yake Marion kule Voi, poleni sana. Mungu ampumzishe, maana sisi hatukumpumzisha. Na ninyi mnaosikiliza, jiulizeni ni mtoto wa nani mnayenong'ona habari zake, na mama yake alilala lini.

Tena msinitumie ujumbe wa pole, nimeshapata wa kutosha. Kaunsili inarudi mwezi ujao kuona nani anamfundisha mtoto. Harrison amepunguza kazi, anafundisha Jumatatu na Ijumaa, anakosea, Wakesho anamsahihisha. Mama Hansa amechukua Jumatano na Alhamisi, na goti lake bovu.

Jumanne haina mtu.