Alama Mbili za Gisiri

Mwaka wa 1996 benchi la kahawa la Farah, hapo Migori mjini, liliegemea ukuta wa duka la mahindi na kutazama barabara ya Isebania. Jumatatu hiyo Sajini Bichage, askari jela mstaafu, aliketi katikati, kifua mbele. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa mkalimani wa daktari mmoja Mzungu aliyekuja na karatasi ya maswali ishirini, kupima ni mfungwa gani ana moyo wa utu na yupi hana. Karatasi hiyo ilikwisha kupima jela za Ulaya. Sasa daktari alitaka kujua kama inapima sawasawa na huku.

— Maswali gani hayo, Sajini? aliuliza Maranga, fundi wa redio kutoka Homa Bay, aliyeitwa Wizara kwa kuwa kila jambo alikuwa na taarifa yake.

— Moja: anategemea wengine kwa chakula? Akisema ndiyo, alama mbili za ubaya.

— Basi shemeji yangu ni mtu hatari. Anakula kwangu tangu Krismasi.

— Lingine: anajisifu kupita kiasi?

— Hapo Homa Bay nzima inafungwa, alisema Farah, akimimina.

— Kujisifu si kosa, omera, ndugu yangu, alijibu Maranga. Ukinyamaza, nani atajua una baiskeli? Mimi nawaambia, ubaya unakaa kwa ini. Wangepima ini.

— Nani alikwambia? aliuliza Bichage.

— Nimeokota hapa na pale; haba na haba hujaza kibaba. Tena hawa Wazungu, ubaya wao umewaishia. Wamekuja kutafuta wetu wa mbegu.

Bichage aliwaacha wacheke, kisha akashusha sauti.

— Kuna Gisiri, wa Kehancha. Aliua mtu kwenye wizi wa ng'ombe. Daktari akamwuliza, unamfikiriaje yule uliyemwua? Gisiri akatazama ukuta, kimya. Daktari akaandika mbili: hana huruma. Nikamwambia, daktari, futa. Kwao mwenye damu mikononi hamtaji marehemu wala hamlilii mpaka atakaswe. Huko kunyamaza ndiko kulia kwake.

— Akafuta? aliuliza Farah.

— Akafuta. Akaandika pembeni: kwa maelezo ya Sajini Bichage. Jina langu linakwenda Ulaya. Watu wetu hawatahesabiwa wanyama kwa kosa la karatasi.

— Hapo umetutoa aibu, mzee jaduong', alisema Maranga, na kwa mara ya kwanza mwaka huo akamlipia mtu kahawa.

Mwishoni mwa benchi aliketi mama mgeni, Zilpah, akingoja gari la kwenda Rodi Kopany. Alikuwa amesikiliza yote.

— Na huyo aliyeuawa aliitwa nani?

Bichage alishusha kikombe. Alijua majina matatu ya Gisiri, namba yake na ukoo wake. Alimtazama Maranga. Wizara haikuwa na taarifa.

— Jina liko kwenye faili, mama, alisema.

— Sikuuliza liko wapi, baba.