Nani Alifunga Kifuniko cha Siterne?

Bwana asifiwe! Nyinyi wa mabenchi ya nyuma mmejibu kama watu waliokosa chai. Bwana asifiwe tena! Haya, asanteni. Mimi ni Mama Neema wa mtaa wa Mususa, yule mwanamke fundi wa simenti anayepaka kuta za nyumba zenu. Nimesimama kushuhudia, lakini nawaambia mapema: ushuhuda wangu una shimo katikati. Mchungaji alinishauri ningoje mpaka nielewe. Nimengoja, sikuelewa, na leo nimechoka kungoja.

Ndugu zangu, kazi hii nilifundishwa na mume wangu, Baba Neema. Tulikimbia vita kutoka Oicha, tukaacha kakao ikiiva shambani, tukaingia hapa Butembo mikono mitupu. Yeye alikuwa fundi, mimi nikawa namchanganyia mchanga na simenti. Halafu nikaanza kushika mwiko. Nilipaka ukuta wa choo, akautazama, akaubandua. Nikapaka tena, akabandua tena. Nililia! Mpaka siku moja akaupapasa, akaenda zake bila kuubandua, nikajua nimefuzu.

Miaka ile hatukujua tena nani ni nani. Asubuhi mji ulikuwa wa askari hawa, mchana wa askari wale, na wote walitaka mbuzi zetu. Lakini watu walijenga tu. Tukapata kazi karibu na Beni, nyumbani kwa mchungaji mmoja. Alitaka siterne, yaani tangi la maji la chini ya ardhi. Unaingia kwa tundu la juu, na kifuniko chake tulikimwaga sisi wenyewe kwa zege. Kukisogeza kunataka wanaume wawili. Shikeni neno hilo.

Tabaka la mwisho ndani ya siterne ni simenti tupu. Ukianza, hutoki mpaka umalize. Ukiacha katikati ikakauka, pale pa kuunganisha patavuja, na kazi yote ni bure. Mimi ni mwembamba, kwa hiyo niliingia mimi. Baba Neema alibaki juu, ananishushia simenti kwa ndoo na kamba.

Ghafla ndoo haikushuka. "Baba Neema, tuma! Inakauka!" Kimya. Nikaita tena. Ndugu zangu, nilikasirika! Nilisema huyu amekwenda kupiga stori na majirani. Nikanyunyiza maji kwenye ukingo wa kazi yangu ili usikauke. Ndipo nikasikia zege likikwaruza zege, na kifuniko kikajifunga juu yangu. Giza! Ulibaki mwanga kidogo tu wa tundu la bomba la mvua. Nilimtukana mume wangu matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Mchungaji.

Kisha nikasikia viatu juu ya kichwa changu. Viatu vingi, na risasi. Mtu alisema Kilingala, mwingine akacheka, sufuria zikaanguka. Nikanyamaza. Lakini mikono iliendelea kulainisha ukuta. Kwa nini? Sijui! Nani anahangaikia siterne wakati watu wanakufa? Simenti iliyobaki, ambayo ilitosha kwa shida, niliipaka kwa viganja, kwa kupapasa, hata ngozi ikaungua. Nilitaka kuomba, nikasahau hata Baba Yetu. Niliweza kusema tu, "Bwana, mbona amenifungia?"

Kelele zilipoisha, watu wakaanza kurudi kutoka porini. Nikagonga bomba kwa mwiko. Nikasikia mke wa mchungaji akipiga kelele, "Yesu! Kuko mutu mu siterne!" Wanaume wawili wakasukuma kifuniko kwa chuma cha kuchimbia, nikatoka nikiwa na rangi ya majivu. Ndoo yetu ilikuwa imelala karibu na mchanga. Baba Neema hakuwepo. Askari walikuwa wamechukua wanaume wa kuwabebea mizigo.

Nikarudi Mususa peke yangu. Huko nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: mume wangu aliwaona wakija, akanifunga, sijui kwa nguvu gani, ili wasinione, yeye akabaki nje. Alinipenda namna hiyo, nami nilimtukana! Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, tena nilimsumbua Mungu amrudishe. Watu wa familia walisema sasa nikae matanga. Nilikataa katakata.

Akarudi, ndugu zangu! Haleluya! Alikuja kwa miguu, mwembamba kuliko mimi, na vidonda mabegani. Nikampigia magoti, nikamshukuru kwa kunifungia. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Kukufungia namna gani? Balinikamata ku mucanga, ndoo iko mu mukono. Hata ku tundu sikufika!"

"Basi ni nani alifunga?"

"Sijue, Mama Neema. Mi nililia njia yote, nikasema bamekuona." Halafu akauliza: "Mais lakini, pale pa kuunga, haivuje?"

Huyo ndiye mume wangu! Yuko pale nyuma, anaficha uso.

Tulikwenda Beni wote wawili kuuliza. Yule mchungaji alisema alikuwa amekwisha kukimbia. Majirani vilevile. Wengine wanasema huenda ni askari wenyewe walioniona wakanihurumia. Wengine wanasema malaika. Lakini kama ni malaika, mbona wanaume wengine waliochukuliwa siku ile hawajarudi mpaka leo? Wake zao hawakuomba? Nikilala nawaza, nikiamka nawaza, kichwa kinaniuma. Ninachokijua ni kwamba siterne ilijazwa maji, na haivuji. Pale nilipounganisha gizani, hata Baba Neema ameshindwa kupaona.

Sasa nina ombi. Watu wengi wa Beni wamekimbilia hapa kwetu. Huenda uliyesukuma kile kifuniko umekaa humu. Kama ni wewe, hata kama siku ile ulivaa nguo za askari, usiogope. Simama nikushike mkono. Nakungoja.

Hakuna? Hata mmoja?

Basi, wewe uliyefungiwa gizani leo, na hujui nani alifunga wala kwa nini, mtegemee Mungu hivyo hivyo, na maswali yako yote mkononi. Mimi nimemtegemea hivyo, na niko hai. Bwana, asante! Na kwa kuwa kifuniko kile kinataka wawili, yule uliyesukuma naye, tafadhali, mfikishie na yeye asante yangu.